Fildi ya maabara: mwongozo kamili wa benchi la damu na kinga, toka siku ya kwanza mpaka logibuku isainiwe

Haya wadogo zangu wa maabara, kila mwaka nikipokea wanafunzi wa fildi (wenzetu Kenya wanaita atachmenti) naona wanakuja na kitu kilekile kichwani, kwamba fildi ni kujifunza mashine. Anaingia, anauliza mashine ya FBP (kipimo cha picha nzima ya damu) iko wapi, anaonyeshwa kitufe cha kubonyeza, siku ya tatu anajiona ameiva. Sasa mi nikwambie ukweli, kubonyeza hata mlinzi tukimfundisha asubuhi mchana anabonyeza vizuri tu. Unachokuja kujifunza ni kulitilia shaka jibu, kujua namba hii inakataa na ile inakubali, na kujua kosa liliingilia wapi, na mara nyingi liliingia kabla damu haijafika hata kwenye mlango wa maabara.

Naandika kwa mazingira ya hospitali ya mkoa hapa Tanzania, ukipelekwa hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando utakuta mashine kubwa zaidi ila mambo ni yaleyale.

KABLA HUJAENDA

Chanjo ya homa ya ini B. Dozi 3, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo ukianza kuitafuta wiki ya kufungua fildi umeshachelewa, ila hata moja ni bora kuliko sifuri. Afu koti lako mwenyewe lenye mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole (sandozi hapana jamani, hata kama kuna joto la Dar), maka peni ambayo haifutiki kwa spiriti, na kadaftari kadogo ka mfukoni tofauti na logibuku. Haka kadaftari ndo kenye thamani, logibuku ni ya chuo.

SIKU YA KWANZA

Usiguse kitu. Salimia watu, shikamoo kwa wakubwa wote mpaka mama wa usafi, tena huyo hasa, maana ndiye anajua kila kitu kinatupwa wapi na ndiye anayechomwa na sindano uliyoitupa vibaya. Afu fuata sampuli moja kwa miguu. Yaani simama pale mapokezi, sampuli ikiingia ifuate, nani kaipokea, kaandika wapi, imepewa namba gani, imeenda benchi gani, jibu limetoka saa ngapi, nani kalihakiki, limefikaje wodini. Fanya hivo kwa sampuli 3 au 4, utaelewa maabara kuliko kusoma SOP (mwongozo wa taratibu za maabara) nzima. SOP usome pia, ila jioni.

Siku hiyohiyo ulizia vitu vinne: maji ya kunawa yako wapi, boksi la usalama liko wapi, mtu akichomwa sindano anaripoti kwa nani, na fomu ya ajali iko kwenye droo gani. Usisubiri uchomwe ndo uanze kuuliza.

KUTOA DAMU

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo pabaya.

Mgonjwa akikaa kwenye kiti usimwambie "wewe ndo Mwanaidi?" Mgonjwa wa kwetu ana homa, amekaa foleni toka saa 12 asubuhi, anaogopa sindano, ukimwita jina lolote atakwambia eeh. Muulize "mama unaitwa nani, nitajie majina yako yote matatu", aseme yeye, wewe ulinganishe na fomu. Kama ni mtoto muulize aliyemleta. Kama hajitambui angalia faili na muulize nesi wa zamu.

Toniketi funga kama vidole vinne juu ya unapochoma, isizidi dakika 1, na usimwambie afumbue na kufumba ngumi kama anakamua limau, unapandisha potasiamu ya watu bure. Spiriti iache ikauke yenyewe, usiipulize na mdomo (nimeona!). Ukichoma na damu ikija fuata mpangilio wa chupa: kwanza chupa za kuotesha bakteria kama zipo, afu ya bluu ya sitreti, afu nyekundu au njano ya seramu, afu kijani, afu zambarau ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwisho kijivu. Sababu yake si mapambo. EDTA imejaa potasiamu na inakamata kalsiamu, kwa hiyo tone likihamia kwenye chupa ya seramu utamkuta mgonjwa ana potasiamu ya kutisha na kalsiamu imezama, daktari anakimbia huku na huku na mgonjwa yuko kitandani anakula chungwa.

Zambarau igeuze taratibu mara 8 mpaka 10, ile ya bluu mara 3 au 4. Kugeuza, sio kutikisa kama dawa ya kikohozi, ukitikisa chembe zinapasuka. Na ile ya bluu lazima ijae mpaka kwenye mstari, damu 9 kwa dawa 1, ikipungua vipimo vya kuganda vinatoka virefu vya uongo.

Afu andika jina kwenye chupa palepale, mgonjwa akiwa bado mbele yako, baada ya kutoa damu. Sio kabla, na sio ukifika mezani. Hili nitalirudia kwenye benki ya damu, nina sababu.

BENCHI LA DAMU

Asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote kuna kontroli, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Zinatoka kwenye friji, ziache zipate joto la chumba kama dakika 15, zigeuze polepole mpaka zichanganyike kabisa, ndo uzipitishe: ya chini, ya kawaida, ya juu. Namba zinachorwa kwenye chati ya Levey-Jennings, ule mchoro wenye mstari wa katikati na mistari ya 1, 2 na 3 juu na chini yake. Nukta ikitoka nje ya mstari wa 3 unasimama, huendelei. Mbili mfululizo zikivuka mstari wa 2 upande mmoja, unasimama pia. Kuna tabia ya kurudia kontroli mpaka ikubali, mara ya nne imeingia watu wanashangilia. Hiyo ni kamari. Tafuta chanzo: riejenti (dawa ya kupimia) imeisha muda, kontroli haikuchanganywa, kuna kiputo, umeme ulikatika usiku friji likapata joto.

Mashine ikitoa karatasi ya mgonjwa usikimbilie chembe nyeupe. Anza na hesabu ya darasa la tatu, Hb (hemoglobini) zidisha mara 3, upate hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu), ikipishana isizidi 3. Hb 10 basi hematokriti iwe karibu 30. Ikitoka 24 kuna kitu hakiko sawa, labda mafuta kwenye damu, labda sampuli imehemolaizi. Ila kumbuka hii inafanya kazi kwa chembe za ukubwa na rangi ya kawaida, mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma hesabu itakataa na hamna kosa lolote. Afu tazama MCHC, yaani wingi wa hemoglobini ndani ya chembe nyekundu. Ikivuka 36 usiamini, chembe nyekundu zina mwisho wa kubeba. Mara nyingi zimegandana kwa sababu ya kingamwili za baridi, pasha chupa kwenye 37 kwa dakika kadhaa upitishe tena uone inavyoshuka.

Chembe sahani ndo zinawadanganya wengi. Kuna mwanafunzi alinijia mbio na karatasi, chembe sahani 38, anataka kupiga simu wodini kuripoti jibu la hatari. Nikamwambia subiri, chupa ina donge? Akazungusha kijiti, hamna donge. Mgonjwa anatoka damu popote? Mzima, kaja kwa miguu kupima kabla ya upasuaji mdogo. Tukatengeneza slaidi, tukaiweka kwenye darubini tukaenda mkiani mwa slaidi, kumbe huko zimerundikana mafungu mafungu kama siafu kwenye mfupa. Damu yake haipendi EDTA tu. Tukamtoa tena kwenye chupa ya bluu, tukapitisha, tukazidisha kwa 1.1 kufidia ile dawa iliyomo, mtu yuko 200 na ushee. Bila ile slaidi mtu angeahirishiwa upasuaji na pengine kutafutiwa chembe sahani za kuongezewa.

Kwa hiyo jifunze slaidi. Tone dogo, kioo cha pili cha kusukumia kilaze nyuzi 30 mpaka 45, rudisha kiguse tone, damu ienee pembeni, sukuma mara moja bila kusitasita. Damu nyepesi ya mtu mwenye Hb ya 4 inakimbia, inua nyuzi na sukuma haraka zaidi. Nzuri inaishia kama ulimi na haifiki mwisho wa kioo. Utaharibu 50 za mwanzo na hiyo ni sawa, omba damu zilizobaki za asubuhi ileile (sio za jana, chembe nyeupe zinachakaa) kaa pembeni upige slaidi mpaka mkono uzoee.

Slaidi nyembamba unaifiksi (unaigandisha kwenye kioo) kwa methanoli kavu. Ikiwa imenyonya maji chembe nyekundu zinatoka na vitundu vinavyong'aa, na kuna watu wameshawahi kuviita malaria. Ile nene ya malaria usiifiksi kabisa, inatakiwa chembe zipasuke. Iache ikauke mbali na moto na iFUNIKE, nzi na sisimizi wanakula damu kwenye kioo, utarudi ukute kioo cheupe uulize nani kafuta. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 dakika 10 hadi 15, ya asilimia 3 dakika 30 hadi 45, bafa ya malaria pH 7.2. Ukitumia rangi ya Leishman kuhesabu chembe nyeupe bafa ni 6.8. Usizichanganye.

Selimundu nayo utaiona sana, nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huu duniani. Kipimo cha zamani ni kuchanganya tone la damu na sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 2 iliyotengenezwa leoleo, funika, ziba kingo hewa isiingie, subiri, tazama chembe zinavyojipinda kama mundu. Dawa ya jana haifanyi kazi. Na kipimo hiki hakitofautishi mgonjwa na mbebaji tu wa vinasaba, kwa hiyo usiandike "ana selimundu" ukamtisha mama wa watu, andika kipimo ni chanya na kwamba kinahitaji elektroforesisi (kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini). Mtoto mchanga sana bado ana hemoglobini ya tumboni, kinaweza kutoka hasi hata kama anao.

BENKI YA DAMU

Hapa sitaki utani. Benchi zingine ukikosea kuna nafasi ya kurudia, hapa jibu linaning'inizwa kwenye stendi na kuingia mwilini.

Kugrupu kuna pande mbili. Upande wa kwanza unachukua chembe za mgonjwa unazitia anti-A (ya bluu), anti-B (ya njano) na anti-D (haina rangi). Upande wa pili unachukua plazma yake unaikutanisha na chembe za A na za B zinazojulikana. Majibu lazima yaongee lugha moja. Mtu wa O chembe zake hazigandi na chochote cha A na B, ila plazma yake inagandisha zote mbili. Ikipishana usitoe jibu, rudia, osha chembe, chunguza. Mtoto chini ya miezi 4 upande wa pili hauna maana, hajatengeneza kingamwili zake, zilizomo ni za mama. Ukitumia kigae soma ndani ya dakika 2, kikikauka kingo zinajikunja ukadhani zimegandana.

Krosimachi yenyewe sasa, yaani kupima kama damu ya mchangiaji inapatana na ya mgonjwa. Andika tyubu kwanza, kabla ya kitu chochote. Matone 2 ya plazma ya mgonjwa, tone 1 la chembe za mchangiaji ulizoosha na kupunguza hadi asilimia 2 mpaka 5. Zungusha kwenye sentrifyuji, soma, na usitazame kugandana tu, tazama na rangi ya juu, ikiwa nyekundu chembe zimepasuka na hiyo pia ni kutopatana. Afu 37 kwa dakika 30 hadi 60 kama unatumia salaini tu. Toa, soma tena. Afu osha mara 3 au 4 kwa salaini, mwaga kwa mkupuo mmoja tyubu ibaki kavu, na hapa wengi wanafanya kivivu, plazma kidogo ikibaki inaimaliza nguvu ile dawa ya Coombs (inayogandisha chembe zilizoshikwa na kingamwili) na utapata hasi ya uongo. Tia Coombs matone 2 mara tu baada ya kuosha, zungusha, soma. Ikiwa hasi ongeza zile chembe za kuhakikisha (zimeshavikwa kingamwili tayari), hizo LAZIMA zigande. Zisipoganda kazi yote haina thamani, anza upya. Ndio, hata kama nesi amesimama dirishani.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi iliwahi kuja sampuli toka wodi ya wazazi, mama anahitaji chupa 2 haraka. Tukagrupu, B chanya, safi, pande zote zimekubaliana. Mwenzangu akaomba kadi ya kliniki ya mama aandike namba, akaona kadi imeandikwa O chanya. Kuuliza huku na huku, kumbe mwanafunzi wa fildi alitoa damu kina mama wawili vitanda vya jirani, akaziweka chupa mfukoni, akaja kuandika majina mezani. Kazibadilisha. Na sikiliza vizuri, krosimachi isingemuokoa huyo mama, kwa sababu damu iliyo kwenye tyubu ni ya B kweli na ingepatana na chupa ya B bila shida yoyote. Kingamwili zake za anti-B zingekutana na hiyo damu kitandani. Mi tangu siku hiyo sampuli ya kuongezewa damu isiyo na jina siiandikii mtu, hata mwenyewe aje aape, inarudi wodini itolewe upya. Na kama mgonjwa hana grupu la zamani kwenye rekodi, omba sampuli ya pili iliyotolewa wakati mwingine.

Mengine ya haraka: friji la damu 2 mpaka 6, liandikwe joto lake kila zamu, chupa yenye CPDA-1 (dawa ya kuhifadhi damu) inaishi siku 35, ikikaa nje zaidi ya dakika 30 hairudi kwenye friji. Kabla ya kuitoa itazame, rangi, madonge, inavuja, tarehe. Damu inayotoka Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) inakuja imeshapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, ila kugrupu upya hospitalini ni lazima. Ukipata nafasi ya siku moja tu kituo cha kanda cha Damu Salama iombe.

BENCHI LA KINGA

Vitepe vya vipimo vya haraka vinaonekana rahisi, ndo maana vinachafuliwa. Kila kitepe andika namba ya mgonjwa na saa uliyoanza, kwa peni, juu ya kitepe chenyewe. Ukiwa na vitepe 12 mezani na hujaandika saa unabahatisha. Kila kampuni ina dakika zake, soma kikaratasi kilichomo kwenye boksi hilo, sio cha boksi la mwezi jana. Mstari wa kontroli usipotokea hakuna jibu, sio hasi. Na mstari hafifu ni mstari. VVU fuata mfuatano wa taifa uliobandikwa ukutani bila kuruka hata hatua moja, na jibu halitajwi koridoni wala kwa ishara ya kichwa.

RPR ya kaswende: riejenti ipate joto la chumba, seramu ienee duara lote, mashine ya kuzungusha 100 kwa dakika, dakika 8, soma palepale kwenye mwanga mzuri. Mashine ikifa watu wanazungusha kwa mkono huku wanapiga stori, usijifunze hilo. Mtu mwenye kingamwili nyingi mno anaweza kutoka hasi, ukiwa na wasiwasi punguza seramu kwa salaini urudie, itachomoza.

Widal niseme tu dukuduku langu. Nchi hii kila mtu "ana taifodi". Kipimo kimoja cha kugandisha kwenye kigae hakithibitishi kitu, aliyewahi kuugua zamani anatoka chanya, malaria na magonjwa mengine yanaweza kukitoa chanya. Kuotesha damu ndo jibu. Kifanye kama kimeombwa ila ujue unachokifanya.

ELISA (kipimo cha kinga kinachofanyika kwenye sahani ya visima) ukibahatika kuiona, siri yake ni kuosha. Visima vikioshwa vibaya kila kitu kinakuwa chanya. Rangi inaanza bluu, ukitia asidi inageuka njano, unasoma 450. CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwa wenye VVU) haitumiki sana kama zamani tangu 2016 tulipoanza kumpa dawa kila aliyegundulika, ila bado inatafuta wale walio chini ya 200 ambao wanahitaji kupimwa kriptokokasi (fangasi anayeshambulia ubongo) na TB. Sampuli yake HAIENDI kwenye friji, baridi inaharibu.

UKICHOMWA

Usirudishie kifuniko cha sindano, ndo chanzo kikubwa kimojawapo. Boksi la usalama likifika robo tatu funga. Ukichomwa: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usinyonye, usimwagie jiki. Mwambie supavaiza saa hiyohiyo, PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya ajali) inaanza ndani ya saa 72 ila nzuri ni masaa mawili ya kwanza, na unameza siku 28. Wanafunzi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa. Gombezwa, afu umeze dawa.

LOGIBUKU NA WIKI YA MWISHO

Jaza kila siku kabla hujavua koti, umefanya nini, ngapi, nani alikusimamia, akusainie siku hiyo. Wanaokuja na logibuku tupu wiki ya mwisho wakitaka nisaini miezi 2 kwa mpigo siwasainii. Usiandike jina la mgonjwa humo, namba ya maabara inatosha.

Ikibaki wiki moja mwombe supavaiza akufiche majibu. Akuandalie slaidi 5 za malaria alizozisoma yeye, sampuli 2 za kugrupu moja iwe imepishana pande mbili, na karatasi moja ya FBP yenye kosa ndani yake. Kaa peke yako, simu weka mbali, na usimuulize mwenzako kitu mpaka umeandika majibu yako yote kwa peni.